Bibi wa Kiponda na Matangazo ya Kulipa kwa Mbofyo

Mwanzoni mwa Julai 2024, saa mbili na nusu asubuhi, kabla sijafungua hata daftari la kwanza, alibisha hodi ofisini bibi mmoja wa Kiponda. Wengi wa wasomaji wa Mji Mkongwe watamjua nikisema zaidi, kwa hiyo sisemi zaidi. Ni mjane, ana nyumba ya wageni yenye vyumba sita iliyoachwa na marehemu mumewe, na binti yake wa mwisho yuko chuo Dar es Salaam. Nyumba hiyo ndiyo inayolipa ada, ndiyo inayolipa umeme, ndiyo inayomlipa kijana wa mapokezi na mama wawili wa usafi.

Nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Hebu nisomee hii, mie macho yangu yamekataa."

Huniita mwalimu kwa sababu nilisomea ualimu, ingawa siku hizi kazi yangu ni kalamu, mihuri na madaftari. Akanipa simu. Ilikuwa barua ya Kiingereza, fupi, kavu, isiyo na jina la mtu chini yake. Ilisema kwamba akaunti yake ya matangazo imefungwa, kwa kuwa jina lililoandikwa katika akaunti halilingani na jina lililo katika kadi ya benki, na ya kuwa akiona ameonewa na akate rufaa kwa kujaza fomu. Kadi ilikuwa ya mwanawe wa kiume. Kosa lilikuwa dogo, lakini ilikuwa Julai, na Julai na Agosti ni miezi ambayo wageni huingia Unguja kwa wingi. Kampuni hiyo siitaji jina, wala si lazima. Jambo kama hili laweza kumpata mtu kwa yoyote kati yao.

Tuliijaza fomu siku ile ile. Jibu lilichukua siku kumi na tisa. Katika siku hizo kumi na tisa vyumba vinne kati ya sita vililala vitupu, maana wageni wake karibu wote waliletwa na matangazo ya kampuni ile moja.

Nimeombwa na wasomaji wawili, mmoja wa Jambiani na mmoja wa Bububu, niandike juu ya matangazo haya ya mtandaoni, nami nimeona afadhali nieleze yaliyompata bibi huyu na tuliyojifunza naye, maana mwenyewe ameniruhusu.

Kwanza tuelewane ni kitu gani. Zamani mtu akitaka kutangaza katika gazeti alilipa kwa ukubwa wa nafasi, wapate kumi wasome au wapate elfu kumi. Mwaka 1998 kampuni moja ya California iitwayo GoTo.com, iliyoanzishwa na Bill Gross, ilikuja na mtindo mwingine: mwenye bidhaa hulipa pale tu mtu anapolibofya tangazo lake. Asipobofya mtu, hudaiwi kitu. Google ilianza kuuza matangazo kwa wafanyabiashara wadogo Oktoba 2000, lakini kwanza kwa hesabu ya mara ambazo tangazo lilionekana. Ilipofika 2002 nayo ikaingia katika mtindo wa kulipa kwa mbofyo. GoTo ilibadili jina ikawa Overture, na Yahoo ikainunua mwaka 2003. Microsoft ilifungua soko lake yenyewe mwaka 2006. Facebook na Instagram nao wana lao, na tovuti za kulinganisha bei za hoteli, kama trivago ya Ujerumani, nazo huishi kwa mibofyo hiyo hiyo.

Nafasi hizo huuzwa kwa mnada. Nani Unguja asiyejua mnada wa samaki? Dalali anasimama, changu wamelala sakafuni, wanunuzi wanapandishana bei. Basi kila mara mtu aliyeko Milano au Manchester anapoandika katika mtambo wa kutafutia "nyumba ya wageni Mji Mkongwe", mnada unafanyika hapo hapo, kabla hajapepesa jicho. Wenye nyumba walikwisha kutaja bei zao tangu mapema. Lakini dalali huyu ana mambo mawili ambayo dalali wa Malindi hana. La kwanza, hatazami bei peke yake. Hupima pia uzuri wa tangazo na ukurasa wako, yaani kama mtu akibofya atapata kweli alichokitafuta. Mwenye tangazo jema huweza kumpita tajiri mwenye tangazo bovu. La pili, anayeshinda kwa kawaida halipi bei yake yote aliyoitaja, bali hulipa kiasi cha kutosha kumpita aliye chini yake.

Bibi wa Kiponda aliyajua haya yote kwa vitendo bila ya kuyajua kwa majina. Alikuwa akiweka shilingi 300,000 kwa mwezi. Katika daftari lake, ambalo kijana wa mapokezi alikuwa akiliandika vizuri sana, kila mbofyo ulimgharimu wastani wa shilingi 750, hivyo alipata mibofyo 400. Katika kila mia, wawili hivi waliweka nafasi. Wageni wanane kwa mwezi, wa siku tatu tatu. Chumba ni shilingi 90,000 kwa usiku, kwa hiyo kila mgeni alileta 270,000, na kumleta kumegharimu 37,500. Si mali ya kutajirisha, lakini nyumba ilikuwa ikienda.

Nilipomwambia kwamba safari hii asitegemee kampuni moja, alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mtoto aliyesoma sana.

"Mwalimu, wewe hukusikia? Mshika mbili moja humponyoka."

Ni kweli, wazee walisema. Lakini hapa Unguja wazee waliona na mengine. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikubwa kilikipiga kisiwa hiki. Mikarafuu na minazi iling'olewa shamba baada ya shamba, sehemu kubwa kabisa ya mikarafuu ya Unguja ikaisha kwa siku moja. Pemba, ambayo si mbali, haikuguswa sana. Mtu aliyekuwa na mashamba Unguja tu aliamka maskini. Aliyekuwa na kidogo Pemba pia aliamka na kitu, na tena kitu chenye bei kubwa kuliko jana, maana karafuu zilikuwa zimeadimika. Tangu hapo Pemba ndiyo imekuwa shamba kubwa la karafuu mpaka leo.

Na si mashamba tu. Kwa miaka mingi mnunuzi mkubwa wa karafuu zetu alikuwa Indonesia, ambako huzitia katika sigara zao za kreteki. Kisha Indonesia wakapanda mikarafuu yao wenyewe, na katika miaka ya 1980 wakawa wanajitosheleza. Mikarafuu yetu ilikuwa imesimama vile vile, mvua zilinyesha vile vile, wachumaji walipanda juu vile vile, lakini bei ilianguka vibaya, kwa kuwa mlango wa kuuzia ulikuwa mmoja na mwenye mlango ameufunga.

Bibi alikaa kimya kidogo. Babu yake alikuwa na shamba Mwera.

"Basi tugawe," akasema.

Na hapa ndipo tulipokosea, na kosa lilikuwa langu. Mimi nilikuwa na bidii ya mtu ambaye fedha si zake. Nikazigawa shilingi 300,000 mafungu matano, 60,000 kila kampuni: Google, Microsoft, Facebook pamoja na Instagram, tovuti moja ya kulinganisha bei, na tovuti moja ya maoni ya wasafiri. Nilipendezwa sana na kazi yangu. Nilichora hata jedwali kwa rula.

Mwezi wa kwanza tulipata wageni watano badala ya wanane. Njia moja ilileta watatu, mbili zikaleta mmoja mmoja, mbili hazikuleta mtu. Bibi akataka zile mbili tupu zifutwe mara moja na fedha zote ziende kwa ile iliyoleta watatu. Nami nikakubali, ila usiku nikakaa na kalamu nikaona ujinga wetu. Shilingi 60,000 ni mibofyo 80. Ikiwa katika mia huja wawili, basi katika themanini tutegemee mmoja na nusu hivi. Ukiwa na njia tano zilizo sawa kabisa, kila moja ikitazamiwa kuleta mmoja na nusu, basi kwa bahati tu moja kati yake kwa kawaida itatoka mikono mitupu, na nyingine italeta watatu au wanne. Hatukuwa tumejifunza kitu. Tulikuwa tumerusha sarafu mara chache tukaanza kuisifu upande mmoja.

Mvuvi wa Kizimkazi mwenye madema matano huyatega mahali mbalimbali penye miamba, na anafanya vyema. Lakini mvuvi mwenye dema moja hawezi kulikata vipande vitano akavitega mahali patano. Fedha ya matangazo ikiwa ndogo, ina kiasi ambacho ukikigawa chini yake hakivui tena. Na kuna jambo la pili: hii mitambo ya siku hizi hujifunza yenyewe ni watu wa namna gani wanaoweka nafasi, ili iwatafute walio kama hao. Mtambo uliopewa mgeni mmoja kwa mwezi hauna cha kujifunzia. Juu ya hayo, kila kampuni ina ukurasa wake wa hesabu, maneno yake, namna yake ya kudai; na kijana wa mapokezi ana kazi ya kupokea wageni. Katika mwezi ule alisahau mara mbili kubadili bei. Proverbu ya bibi ilikuwa na haki yake, nami nilimwambia hivyo.

Tukaanza upya, safari hii tukiuliza kwanza wageni wenyewe wanatoka wapi na hutafuta kwa njia gani. Hili ndilo ningetaka msomaji wa Jambiani alisome mara mbili.

Katika utafutaji wa dunia nzima Google inashika karibu tisa katika kumi. Kwa hiyo mwenye nyumba ya wageni hawezi kujifanya haioni. Lakini sehemu iliyobaki si takataka. Kompyuta nyingi za ofisini huko Uingereza na Marekani huja na mtambo wa Microsoft, yaani Bing, tayari umo ndani, na wafanyakazi wengi hawahangaiki kuubadili. Tangazo ulilolinunua huko huonekana pia katika Yahoo na DuckDuckGo. Wanunuzi katika mnada huo ni wachache, na mara nyingi mbofyo ni nafuu. Tena wana mlango wa kuhamisha matangazo yako yote kutoka Google kwa dakika chache, usiandike upya. Ila baada ya kuhamisha kagua bei na nchi ulizozichagua, maana yanakuja kama yalivyokuwa, pamoja na makosa yake.

Kwa Warusi mambo ni mengine. Mwanzoni mwa 2021, ulimwengu ukiwa umefungwa kwa ajili ya korona, ndege za Warusi na za Waukraine zilijaza fukwe za Nungwi na Kiwengwa, na watu wa hapa walianza kujifunza kusema "privet". Warusi wengi hutafuta kwa Yandex. Februari 2022 vita vikaanza. Watalii wa Ukraine kwa mamia wakakwama hapa Unguja wasijue pa kwenda, na mwezi wa Machi Google ikaacha kuuza matangazo nchini Urusi. Aliyekuwa amejenga biashara yake yote juu ya taifa moja alipata somo. Kwa hiyo kugawanya si kugawanya kampuni tu, bali na nchi zinakotoka fedha: Waitalia, ambao wamezoea kisiwa hiki miaka mingi, Wafaransa, Wajerumani, Wapoland, Waingereza. Mwezi wa likizo wa Muitalia ni Agosti. Mpoland anapenda kukimbia baridi ya Januari. Ukichanganya vizuri, nyumba hailali tupu miezi mitatu mfululizo, isipokuwa masika, na masika ni masika.

Facebook na Instagram ni kitu cha namna nyingine kabisa, nami nilikuwa nimevichanganya na mitambo ya kutafutia kana kwamba ni ndugu. Mtu anayetafuta "chumba Mji Mkongwe" amekwisha kuamua kuja. Mtu anayetazama picha za harusi ya shemeji yake hakuwa na habari ya Zanzibar mpaka tangazo lako lilipomtokea. Atabofya, kwa kuwa mlango wa nyumba ya bibi ni mzuri na una misumari ya shaba. Kisha atarudi kwenye harusi. Mibofyo hiyo ni mingi na rahisi, na haileti mgeni leo. Inafaa zaidi kumkumbusha yule aliyekwisha kuingia katika tovuti yako akatoka bila ya kuweka nafasi.

Basi mgao wa pili ulikuwa hivi: 180,000 kwa njia ya kwanza, 80,000 kwa njia ya pili ya kutafutia, na 40,000 kwa hayo makumbusho ya picha, yawaendee tu waliowahi kuingia katika tovuti yake. Basi. Tovuti ya kulinganisha bei tuliiacha. Si kwamba ni mbaya, lakini humo nyumba ya vyumba sita inashindana na makampuni makubwa yenye mamilioni, na hata wao wenyewe wanategemeana kwa hatari. Mwaka 2017 mteja mkubwa wa trivago alipopunguza fedha alizokuwa akizitia humo, hisa za trivago zilianguka sana. Kumbe hata anayeuza matangazo anaweza kuwa na mnunuzi mmoja wa karafuu.

Tulifanya na mambo mawili madogo yaliyozaa kuliko tulivyotarajia. Moja ni jina la nyumba yake. Tulipoliandika katika mtambo wa kutafutia, tangazo la kwanza kabisa lililotokea halikuwa lake. Lilikuwa la wakala mkubwa wa mahoteli, ambaye alilinunua jina lake. Mgeni aliyesimuliwa habari za bibi na rafiki yake, anayemtafuta yeye kwa jina, alikuwa akipitia kwa wakala, na bibi akikatwa asilimia 15. Katika 270,000 hiyo ni 40,500. Tukanunua jina lake wenyewe. Mbofyo wa jina lako mwenyewe kwa kawaida ni rahisi, kwa kuwa hakuna tovuti inayolingana na jina hilo kuliko yako.

La pili ni maneno ya kukataa. Unaweza kuuambia mtambo: mtu akiandika neno hili, usimwonyeshe tangazo langu. Tulipoyasoma maneno waliyoyaandika waliobofya, tulikuta wengi walitafuta kazi ya hoteli. Wengine walitafuta baa iitwayo Zanzibar katika miji ya Ulaya. Na wengine, bibi alicheka mpaka akashika ubavu, walikuwa wakitafuta nyumba aliyozaliwa Freddie Mercury. Kila mmoja wao alimgharimu shilingi 750.

"Mie namlipia Freddie?" akauliza.

Tukamkataza Freddie.

Hata Februari 2025 mambo yalikuwa yamekaa sawa. Njia ya pili, ile ndogo, ilikuwa ikileta wageni wawili, mara watatu, kwa mwezi, na wengi wao watu wazima wanaokaa siku nyingi. Nilianza kujisifu tena. Ndipo siku ya Ijumaa moja tovuti yake yenyewe ikafa. Haikutoa hata neno la kosa. Ilifunguka nyeupe, kama karatasi. Aliyekuwa akiitunza hakupatikana mpaka Jumapili jioni. Na katika siku hizo njia zote tatu ziliendelea kuleta watu kwa uaminifu mkubwa, wakabofya, wakaona weupe, wakaondoka, na bibi akalipa. Ilikuwa shilingi elfu ishirini na kitu. Fedha si nyingi, lakini niliona aibu, maana nilikuwa nimemwekea mafiga matatu juu ya ubao mmoja uliooza.

Tangu siku ile tulikaa tukaorodhesha si kampuni za matangazo, bali kila kitu ambacho zote tatu zinakipitia. Tovuti ilikuwa moja. Kadi ya benki ilikuwa moja. Ikiisha muda wake au benki ikiizuia, zote tatu zinazima siku moja. Anwani ya barua pepe ilikuwa moja, na neno la siri alikuwa nalo kijana wa mapokezi peke yake, naye anataka kwenda Oman. Simu ya kupokea maulizo ilikuwa moja.

Na juu ya vyote, waya. Watu wa Unguja hawahitaji kufundishwa hili. Mwezi wa Mei 2008 umeme unaokuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Bara ulikatika, tukakaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ukakatika tena, na safari hii haukurudi mpaka Machi 2010. Wenye hoteli waliokuwa na majenereta walilipa mafuta. Wasiokuwa nayo walifunga. Waya mpya uliwekwa mwaka 2013. Kwa intaneti nako, tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kwa pamoja, na Afrika Mashariki nzima ikawa inavuta kwa shida. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini, ikarudi baada ya siku kadhaa. Siku hizo matangazo ya bibi huko Ulaya yalikuwa yakionekana kama kawaida. Watu waliandika kuuliza vyumba, na hakuna aliyewajibu.

Hayo ya mwisho hayana dawa ya kampuni tatu wala kumi. Tulichoweza kukifanya tulikifanya. Kuna kadi ya pili sasa, kwa jina lake mwenyewe, maana hiyo ndiyo iliyotuingiza matatani tangu mwanzo. Maneno ya siri yameandikwa katika karatasi, yamefungwa katika bahasha, yako katika sanduku lake la mninga pamoja na hati ya nyumba. Binti yake aliyeko chuo amepewa ruhusa ya kuingia katika akaunti zote na kusimamisha matangazo kwa simu ikiwa tovuti imekufa. Na mpwa wake aliyeko Muscat anaweza kujibu maulizo ikiwa huku kumezimika. Hiyo ilikuwa akili ya bibi mwenyewe, si yangu.

Yapo na madaftari. Nawaambia wasomaji bila kujificha kwamba hapa napendelea kwa sababu ni kazi yangu. Kila kampuni ina hesabu zake, na kila moja hupenda kudai kuwa mgeni huyu ameletwa na yeye. Mgeni mmoja aliona tangazo katika Instagram, siku tatu baadaye akatafuta katika Google, akabofya, akaweka nafasi. Kampuni zote mbili zinaandika, "mmoja wetu". Ukizijumlisha hesabu zao utapata wageni kumi na mmoja, na walioingia mlangoni ni wanane. Kwa hiyo kijana wa mapokezi huuliza kila mgeni anapoandika jina lake, "Umetupataje?", na jibu huandikwa katika safu ya mwisho. Wengine hujibu kwa kubahatisha, sawa. Lakini daftari hili halina sababu ya kujipendelea.

Ndilo lililotuonyesha jambo ambalo hakuna kampuni ingetuambia. Kati ya wageni wote wa mwaka 2025, karibu robo waliandikwa "rafiki" au "nilikuja zamani". Hao hawakugharimu mbofyo hata mmoja. Bibi alikuwa hana anwani zao mahali pamoja. Zilikuwa zimetapakaa katika madaftari ya miaka saba. Desemba tulikaa jioni nne tukaziandika zote, yeye akisoma kwa miwani mipya, mimi nikiandika, akanisimulia njiani nani alikuwa mkarimu na nani aliondoka na taulo. Zilitimia mia mbili na kumi na nne. Mwezi wa Januari aliwaandikia waliokuwa wamekubali kuandikiwa, barua fupi, na picha ya mlango.

Sasa tunabishana. Yeye anataka ile 40,000 ya picha ifutwe kabisa, kwa kuwa daftari linaonyesha wageni watatu tu katika mwaka waliosema wamekuja kwa njia hiyo. Mimi nasema labda ndiyo iliyowakumbusha wengine wasiokumbuka kuwa wamekumbushwa. Tumekubaliana kuizima Machi na Aprili, masika yakinyesha na wageni wakiwa wachache, kisha kuifungua Juni tutazame kama kuna tofauti. Amesema ikiwa haina tofauti fedha hiyo ataniletea mimi ofisini, nimnunulie daftari kubwa zaidi, lenye jalada gumu, maana la sasa kurasa zake zimeanza kuachana.